Sista Aliyetuletea Kupe

Tulimwita Sista. Wagonjwa walimwita hivyo, madaktari vijana walimwita hivyo, na majirani zake kule mtaani Jericho, ambao hawakuwahi kumwona akiwa kazini, nao walimwita hivyo. Mumewe mwenyewe alikuwa akipiga simu wodini na kuuliza, "Sista yupo?" utadhani anamtafuta mke wa mtu mwingine. Hata leo nikitaka kulitaja jina lake la ubatizo ulimi unasita, naona kama namsengenya.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, katika wodi ya wanawake ya hospitali moja huku kwetu Eastlands. Nilifika pale nikitoka chuoni, msichana wa Shauri Moyo mwenye maneno mengi. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia viatu hadi nywele, akauliza, "Wewe, unaogopa nini?"

Nikamjibu siogopi kitu.

"Basi utaniulia watu," akasema, akaenda zake.

Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, na mwendo wake ulikuwa wa haraka usio na kishindo. Ukisikia viatu vyake, ujue amekasirika. Alipokuwa akimtafutia mgonjwa mshipa alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, tena kwa kukosea noti, hata wagonjwa wa muda mrefu wakiusikia tu wimbo walianza kuficha mikono. Chai alikunywa ikiwa baridi kabisa. Maisha yake yote kazini mtu alikuwa akimwita kabla hajamaliza kikombe, na mwishowe akaizoea hiyo baridi. Mumewe aliniambia kwamba hata nyumbani alikuwa akiimimina, akaiweka dirishani, akaenda kufanya mambo mengine mpaka ipoe.

Kwa ukali, sitamtetea. Aliwahi kumkemea mwanafunzi mbele ya wodi nzima kwa kuandika joto la mgonjwa ambaye hakuwa amempima. Msichana wa watu alilia mpaka macho yakavimba. Sista hakuomba msamaha, sikumbuki akiomba msamaha kwa mtu yeyote. Lakini siku iliyofuata alikuja na viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye kitambaa, akaviweka mbele ya yule msichana na kusema, "Kula. Huwezi kusoma kipimajoto ukiwa na njaa." Msichana akala. Leo naye ni msimamizi wa wodi mahali fulani, na nasikia ni mkali kweli.

Kulikuwa na msemo wake ambao alitutia masikioni tangu mwanzo: "Mgonjwa hafi ghafla. Sisi ndio tunaojua ghafla." Alimaanisha kwamba mwili hutoa habari mapema. Pumzi huanza kwenda mbio, moyo huanza kukimbia au kulegea, joto hupanda, na yote haya hutokea saa nyingi kabla ya mtu kuzimika. Habari zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisikia. Na sisi tulikuwa wachache. Manesi wawili, siku ya neema watatu, kwa wodi iliyojaa mpaka vitanda vya kando ya mlango. Ukimpima huyu asubuhi, utarudi kwake mchana ukijaliwa.

Msemo huo niliuelewa siku alipokufa mama mmoja wa mtaa wa Baba Dogo.

Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, bado kijana, amefanyiwa upasuaji wa tumbo na anaendelea vizuri. Ulikuwa wakati wa wageni kutazama wagonjwa. Wodi ilijaa watu na vikapu na kelele za salamu. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kando ya kitanda, anamenya chungwa na kumsimulia habari za watoto: mdogo ameanza kutembea, mkubwa amegombana na mwalimu. Alikuwa akisimulia na kucheka mwenyewe. Sista alipita na kipimajoto, akasimama. Akaweka mkono kwenye shingo ya yule mama, akautuliza pale kwa muda. Kisha akamwambia mama mkwe kwa upole ambao sikujua anao, "Mama, hebu weka hilo chungwa chini. Njoo tukae huku."

Tulijaribu. Tulimkandamiza kifua mpaka mikono ikaisha nguvu, daktari akaja mbio, lakini alikuwa ameshaenda muda kidogo. Yule mama mkwe alikuwa amezungumza na maiti bila kujua. Alitushika mikono mmoja mmoja akituuliza, "Si alikuwa amelala? Si mlisema amelala?"

Siku ile Sista hakula wala hakuimba. Jioni tulipokuwa tukitembea kuelekea nyumbani, kwa maana njia yetu ilikuwa moja mpaka pale mimi ninapokata kwenda Shauri Moyo, aliniambia, "Alikuwa na watu kumi pembeni yake. Hakuna aliyekuwa akimwangalia."

Ndipo alipoanza kuvitafuta vile vifaa. Alikuwa ameviona katika hospitali kubwa ambako alipelekwa kwa mafunzo: kibandiko kidogo, mfano wa kifuniko cha soda, kinachogandishwa kifuani mwa mgonjwa. Hakina waya. Kinasikiliza moyo, kinahesabu pumzi, kinapima joto, na kinatuma habari hizo hewani mpaka kwenye skrini mezani kwa manesi na kwenye simu ambayo msimamizi wa zamu anaibeba mfukoni. Mambo yakianza kuharibika, kinalia. Mgonjwa anaweza kwenda chooni, kwenda kuota jua, kulala kitanda cha mwisho kabisa ambacho hakionekani kutoka mezani, na bado unamwona.

Aliwasumbua wakubwa. Sijui neno jingine. Kila mkutano, ajenda yoyote ile, ya vyandarua au ya kupaka rangi ukuta, yeye angenyanyua mkono na kuanza, "Sasa, kuhusu wale wagonjwa wanaotufia tukiwaangalia…" Daktari mkuu alifika mahali akimwona kwenye korido anageuza njia. Lakini mwishowe wafadhili walipatikana, na mafundi wakaja kupachika visanduku vya kupokea mawimbi kwenye dari. Siku boksi la vibandiko lilipofunguliwa, Sista alikishika kimoja kiganjani, akakigeuzageuza, akasema tu, "Kumbe ni chepesi hivi."

Jina la kupe lilitoka kwa mama mmoja muuza mandazi wa soko la Jericho, mwanamke wa mdomo mkubwa na presha ya kupanda.

"Sista, mnanibandika nini? Si hiki ni kama kupe!"

"Ni kupe, mama. Lakini huyu hanyonyi damu. Ananyonya habari tu."

Wodi nzima ikacheka, na tangu hapo ikawa kupe. "Nesi, kupe wangu ametoka." "Nesi, kupe wa huyu jirani analia." Wapo walioogopa. Mke wa mchungaji mmoja alikataa katakata, akasema hiyo ndiyo chapa ya mnyama iliyotabiriwa, na wengine watatu wanne wakaanza kubandua vya kwao. Sista alikuwa mtu wa kanisa, wa chama cha akina mama, hakudharau maneno hayo. Alifungua vifungo vyake vya juu, akajibandika kibandiko kimoja mbele yao, akafanya kazi nacho siku nzima. Jioni akaenda kwenye sinki, akakitoa kwa maji na sabuni, akamwonyesha mke wa mchungaji kifua chake.

"Chapa ya mnyama inatoka kwa sabuni?"

Mama wa watu akafikiri. "Haitoki."

"Basi lete kifua."

Wiki hiyohiyo yule muuza mandazi alikwenda chooni asubuhi watu wakiwa kwenye uji. Simu ikalia mfukoni mwa Sista. Aliangalia mara moja tu, akatupa trei, na kwa mara ya kwanza nikamwona akikimbia. Tulimkuta mama yule ameanguka nyuma ya mlango, uso wa rangi ya majivu. Alipona. Mpaka sasa anauza mandazi, na kwa muda mrefu kila aliyevaa sare ya nesi akipita pale kwake hakutoka mikono mitupu.

Nisiseme yote yalikuwa mazuri. Kupe walilia mno. Mtu akikohoa, kilio. Akigeuka vibaya kibandiko kikachomoka, kilio. Tulikuwa na nesi mmoja kijana tuliyemwita Brayo, mzaliwa wa hapahapa mitaani, mchapakazi lakini mwepesi wa kuchoka na kelele. Siku moja Sista akagundua kwamba simu ya zamu imenyamazishwa.

"Nani amezima hii?"

"Sista, si ati nimezima," Brayo akasema. "Nimepunguza tu sauti. Hii kitu inatusumbua, bana. Inalia mpaka mtu anaacha kuiskia."

"Na mtoto wako akilia kila saa utamziba mdomo?"

"Hapana. Lakini nitaangalia kwanza kama amekojoa ama ana njaa. Hii inalia tu sawasawa, kwa kitu ndogo na kwa kitu kubwa."

Sote tulikaza macho chini tukingoja radi. Sista aliiweka simu mezani. Halafu akacheka, kicheko cha kweli, akasema, "Huyu amesema jambo." Kesho yake alimwita fundi, akakaa naye mezani kitanda kwa kitanda, wakarekebisha kiwango cha kila mgonjwa ambacho kikivukwa kupe hulia: mzee ambaye moyo wake huenda polepole tangu ujana aachwe na mwendo wake, mwenye pumu aachwe na pumzi zake. Kelele zikapungua. Lakini pia alitukataza jambo moja, na hapo hakucheka: tusimwambie kamwe mtu wa mgonjwa kwamba mashine inasema yuko sawa. "Enda kwanza ukamwone. Halafu useme, nimemwona, yuko hivi."

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba kupe hawakutosha. Walikuwa wachache kuliko vitanda tangu mwanzo, kisha wengine wakaharibika, na wa kujazia wakachelewa. Kila asubuhi alipita akiwa amefumbata mikono nyuma, akisimama mbele ya kila kitanda, na sisi nyuma yake. Alikuwa anachagua. Watu wa wagonjwa walishajua, walimvizia mlangoni. "Sista, mwekee na mama yetu." Aliwajibu kwa upole au kwa ukali kulingana na alivyoamka, lakini wakati wa kubandua kibandiko kimoja ili ampelekee mwingine alikwepa macho ya anayebanduliwa.

Mara moja alimbandulia bibi mmoja mtulivu aliyekuwa akiendelea vizuri, akampa msichana aliyetoka kujifungua na homa. Msichana alihitaji, hata mimi ningempa. Bibi akafa siku hiyohiyo, mchana, bila kumsumbua mtu. Daktari alikuwa tayari kuwaambia wanawe kwamba ni uzee, na kwa kweli ulikuwa uzee. Sista akamtangulia. Aliwaketisha kwenye benchi nje ya wodi, akawaambia, "Asubuhi alikuwa na kifaa. Nikakitoa, nikampa mwingine. Niliamua mimi." Mmoja wa wanawe, mwanamume mzima, fundi wa mabati wa Gikomba, alisimama kama anayetaka kupiga. Sista hakurudi nyuma. Yule mwanamume akaketi tena, akajifunika uso kwa kofia yake, na Sista akaketi karibu naye mpaka gari la mochari lilipokuja.

Nilimwuliza baadaye kwa nini alijitwika. Akasema, "Wangeambiwa ni Mungu. Sitaki Mungu abebe vitu vyangu."

Mumewe alikuwa mstaafu wa kiwanda huko Baba Dogo, mtu mrefu mkimya mwenye kikohozi cha miaka. Tulimpenda. Alikuwa akimletea Sista mwavuli mpaka getini mvua ikinyesha, akisimama upande wa pili wa barabara ili asionekane kama anamsubiri. Sista alimsihi aje apimwe moyo. Alimsihi mbele yetu, alimsihi kupitia kwangu. Mzee alitabasamu na kusema, "Mke wangu anataka kunibandika kupe. Ng'ombe ndiye anayebandikwa kupe." Na yeye Sista, nikimwambia basi tangulia wewe kupimwa ili Mzee akuige, alijibu kwamba atapimwa akistaafu, sasa hana nafasi.

Mzee alikufa Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwao Jericho, kwenye kiti chake, redio ikitangaza mpira. Sista alikuwa jikoni anapika, mlango wazi, hatua chache tu. Alimwita aje kula. Akamwita tena. Alidhani mpira umemnogea.

Tulikwenda matanga. Nyumba zile ni ndogo, watu walikaa nje kwenye mabenchi ya kanisa chini ya turubai. Nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenziwe, "Analinda wa watu kwa mashine, wake akamfia mkononi." Sijui kama alijua kwamba Sista alikuwa amesimama karibu na birika la chai. Sista aliyasikia. Alimmiminia yule mwanamke chai, akamuuliza kama anataka sukari.

Aliporudi kazini hakuwa mtu yuleyule. Kazi alifanya, makosa hakufanya. Lakini zamu ikiisha hakuondoka. Alikaa mezani na mkoba wake mapajani, koti amevaa, akitazama ile mistari ya kijani ikipanda na kushuka. Tulimwambia, "Sista, nenda upumzike." Alisema, "Naenda." Akabaki. Jioni moja niliketi karibu naye, naye akanena bila kunigeukia.

"Nilikuwa nasikia redio yake. Nikafikiri nikisikia redio, namsikia yeye."

Nilimshika mkono. Akauacha kwangu kidogo, kisha akauondoa ili arekebishe mwanga wa skrini.

Alistaafu. Tulimkatia keki, Brayo akatoa hotuba ya kuchekesha akiiga mwendo wake, na Sista akacheka kwa kuwa alipaswa kucheka. Baada ya hapo nilikuwa nikimtembelea pale Jericho, mwanzoni mara kwa mara, baadaye si sana. Watoto wangu walikuwa wadogo, kazi ilikuwa ileile. Miguu yake ilianza kuvimba. Akawa anapumzika mara mbili kati ya mlango na bomba la maji. Nilimwambia huo ni moyo, akanijibu, "Unanifundisha mimi?" Kumbe alikuwa amejua muda mrefu.

Mwaka jana aliletwa kwenye machela, wodini kwetu. Bintiye, mwalimu huko Kitale, alikuwa amekuja kumwangalia, akamkuta hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Nilimbandika kupe mimi mwenyewe. Wauguzi wapya hawakumjua. Walishangaa kuona mikono yangu ikikosea. Yeye alifumba macho, akasema, "Bonyeza katikati, gundi ishike." Kwa siku kadhaa kibandiko kilimlilia kila mara. Tulikimbia, tukamwongezea oksijeni, tukampa dawa ya kupunguza maji, akatulia, kikalia tena. Daktari alizungumza na bintiye kwenye korido, na yule binti akarudi amekaza midomo. Sista akamwambia, "Usinifiche. Nimewaambia watu wengi habari hiyo. Najua inavyotembea."

Siku ya mwisho kumwona ilikuwa mchana, wodi imetulia, jua limeingia mpaka miguuni pa kitanda chake. Aliniita kwa kidole.

"Hiki kinaweza kunisaidia nini sasa?"

Nikamrekebishia mto.

"Kinalia, mnakuja mbio, mnanivuruga, mnaenda. Kitoe. Mpe yule aliyeletwa asubuhi, sipendi anavyopumua."

Nilikwenda kwa daktari, daktari akaja, wakazungumza naye na bintiye kwa utaratibu, na wote wakakubali. Nikakibandua. Kiliacha duara jeupe kwenye ngozi yake. Nikampelekea yule mgonjwa, dada mmoja wa makamo mwenye kichomi, kisha nikarudi nikaketi kitandani kwa Sista, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa ametukataza miaka yote. Hakunikemea. Bintiye alikuwa ametoka kutafuta maji ya kunywa. Aliniuliza watoto wangu wako darasa la ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Wamekua." Kisha akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza habari ndefu, akasema, "Unajua, mimi…"

Simu ikalia mfukoni mwangu. Alikuwa yule dada mwenye kichomi, pumzi zimeporomoka. Nilisimama na kukimbia. Nilipofika katikati ya wodi niligeuka nikamwangalia Sista. Alikuwa ameinua mkono kutoka kwenye shuka, kiganja kimenielekea.

Yule dada tulimwokoa. Kazi ilichukua muda, na tulipomaliza Sista alikuwa amepitiwa na usingizi, bintiye kando yake. Zamu yangu iliisha, sikumwamsha. Kesho yake nilikuwa mapumziko. Alifariki asubuhi, bintiye akimpaka mafuta miguu.

Huwa naufikiria ule mkono. Wenzangu nikiwasimulia husema ni wazi, alikuwa ananihimiza: nenda, nenda, usisimame. Huenda ni kweli, maana ndivyo alivyokuwa. Lakini mimi ndiye niliyeuona, na kila nikiukumbuka siwezi kuapa kama alikuwa ananituma au alikuwa ananiita.